Kumsikia Mnyonge Hewani



Juma hili tungependa kutafakari pamoja juu ya sehemu ndogo ya kipokezi cha redio ya ridhaa, ambayo mara nyingi huachwa ijifanyie kazi. Ni ile inayoandikwa AGC, yaani kidhibiti cha ukuzaji kinachojiendesha chenyewe. Asili yake ni uvumbuzi wa mhandisi Mmarekani Harold Wheeler wa mwaka 1925, uliompunguzia msikilizaji adha ya kukimbilia kitufe cha sauti kila alipohama kituo.

Kidhibiti hiki hupima nguvu ya mawimbi yaliyokwisha kupita kwenye kichujio. Yakiwa makubwa, hupunguza ukuzaji. Yakiwa madogo, huuongeza. Wema wake ni mkubwa. Katika masafa mafupi, alama ya S9 ni mikrovolti 50, na kila hatua chini yake ni nusu ya iliyotangulia. Hivyo S3 haifiki hata mikrovolti moja. Jirani mwenye mtambo mkubwa aweza kutufikia kwa mikrovolti 5,000. Pasipo kidhibiti, masikio yetu yangeumia.

Hata hivyo, kidhibiti hakijui nani mwenye shida. Chenyewe hufuata methali isemayo, mwenye nguvu mpishe. Wawili wakiingia katika kichujio kimoja, mkubwa hushusha ukuzaji na mdogo huzama. Mkubwa akinyamaza, kidhibiti kilichowekwa kwenye mwendo wa polepole huchelewa kurudi. Na katika kimya kile, mnyonge huenda amekwisha kujitambulisha, asisikiwe na mtu. Radi za masika hutenda vivyo hivyo tunapokaa usiku kwenye mita 40.

Jambo hili si la mchezo. Mwezi Januari 2010, baada ya tetemeko la ardhi nchini Haiti, kasisi mmoja jijini Port-au-Prince, asiye na umeme wala simu, aliwafikia wengine kwa redio ya betri katika masafa ya megahezi 14.300. Mwenye betri peke yake hawezi kujiongezea nguvu apendavyo. Aliye na uwezo wa kumsogelea ni msikilizaji.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, tukibane kichujio. Kwa alama za Morse, hezi 500 zatosha. Lakini kiwe kile kilicho kabla ya mahali kidhibiti kinapopimia. Kichujio cha sauti kilicho baada yake humwondoa jirani masikioni tu: hatumsikii tena, ilhali yeye angali anashusha ukuzaji. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana twaona kimya na kudhani hakuna aitaye.

Pili, tuchague mwendo. Wa polepole hufaa maongezi ya sauti, wa haraka hufaa Morse na usiku wa radi.

Tatu, tupunguze kidogo kitufe cha RF, hata mshale wa mita usimame juu kidogo ya kelele za kawaida. Hapo ukuzaji hautapanda na kushuka ovyo kila msemaji anapovuta pumzi.

Nne, mnyonge akiwa bado amefunikwa, tukizime kidhibiti na kuongoza ukuzaji kwa mkono. Tuanze kwa kushusha RF sana, kisha tuongeze sauti, tukikumbuka kwamba sasa hakuna kinachoyalinda masikio. Mara nyingi sikio la binadamu, likiachiwa nafasi, huweza kutenga milio miwili ambayo mashine ingeiona kuwa mmoja.

Wapendwa, kidhibiti ni mtumishi mwema wa masikio yetu, na hatuna sababu ya kumfukuza. Lakini yeye hupima ukubwa wa sauti tu. Haja ya anayeita hana namna ya kuipima. Kazi hiyo imebaki kwetu, na mkono ulio juu ya kitufe usisinzie.