Kutoka Sanduku la CD hadi Tarakimu 48

Nilipoanza ufundi wa kompyuta Kariakoo, bayosi, ile programu ya ndani ya madabodi inayoamsha mashine, ilikuwa haiguswi. Mzee aliyenifundisha kazi, fundi redio wa zamani, alikuwa na msimamo mmoja: mashine inayowaka usiipandishie bayosi mpya. Hakuwa mwoga. Kazi yenyewe ilifanyika kwa flopi, kwenye skrini nyeusi ya DOS, na umeme ukikatika chipu ikiwa inaandikwa, madabodi haiwaki tena. Sisi tuliozoea mgao wa umeme hatukuhitaji kuelezwa mara mbili. Tena kirusi cha CIH, kile kilicholipuka Aprili 26, 1999 na kufuta bayosi za watu, kilikuwa hakijasahaulika.

Kwa hiyo tulihangaika na draiva tu. Ukishapiga Windows XP unafungua Device Manager, unakuta alama za njano zimejipanga: sauti, picha, mtandao. Ya mtandao ndiyo iliyoudhi kuliko zote, maana bila hiyo hata intaneti ya kutafutia nyingine huipati. Tulitegemea sanduku la CD, nyingi zimechubuka, nyingine zimeandikwa kwa kalamu majina ya madabodi ambazo hatukuziona tena. Mzee alinifundisha kuacha majina na kusoma namba za kifaa. VEN_10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 8086 ni Intel, ambao kwa kujipenda walijichukulia namba ya prosesa yao ya mwaka 1978. Ukizijua hizo, hudanganywi na stika.

Mkongo wa baharini ukafika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ikapata nguvu kidogo kidogo. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mashine nyingi zikawa zinajivutia draiva zenyewe. Sanduku likaishia chini ya meza.

Kumbe bayosi nayo ilikuwa njiani. Siku hizi inashuka pamoja na masasisho ya Windows, mwenye mashine amelala. Alikuja mama mmoja muuza vitenge na laptopu inayoonyesha skrini ya bluu na maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Fundi wa kwanza alishamwambia diski imekufa.

“Mwanangu, hesabu zangu zote za duka zimo humo.”

“Zimo bado, mama. Ngoja kwanza.”

Niliingia kwenye bayosi: diski imeandikwa pale pale, jina na ukubwa wake. Kilichobadilika ni mstari mmoja. Aliyempigia Windows zamani alihamisha mpangilio wa diski kutoka RAID kwenda AHCI. Bayosi mpya ikaurudisha wa kiwandani, na Windows ikaanza kuita diski kwa draiva isiyo yake. Nikarudisha AHCI, mashine ikawaka. Nasema waziwazi: fundi anayekimbilia kupiga Windows upya kwa tatizo la namna hii anamlipisha mteja uvivu wake. Faili za watu zimepotea sana hivyo.

Sasisho lililofuata lilimrudisha kwangu na jambo zito zaidi. BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, ilitaka ufunguo wa tarakimu 48. Mashine ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli hiyo inatakiwa isimamishwe kwa muda kabla bayosi haijapandishwa. Isiposimamishwa, TPM, chipu inayotunza ufunguo, inaona mabadiliko na kukataa kuutoa ufunguo. Hapo bisibisi haisaidii, wala namba za Realtek. Nikamuuliza nani alimwanzishia laptopu siku ya kwanza. Mtoto wa dada yake, yuko Dodoma. Tukampigia.

“Shikamoo mama mdogo. Ile barua pepe? Nilitumia yangu.”

Ufunguo ulikuwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Akatusomea tarakimu sita sita, mama anarudia kwa sauti, mimi naandika. Kijana aliruka fungu moja tukaanza upya.

Tangu hapo mteja akifika na skrini ya bluu, namuuliza kwanza habari za akaunti, ndipo niguse mashine. Na kabla ya kupandisha bayosi napiga picha kila ukurasa wa mipangilio kwa simu.

Laptopu ya mama ilibaki na alama moja ya njano, kisoma alama za vidole. Nikamwambia anisubiri nimtafutie draiva yake.

“Achana nayo,” akasema, akikunja waya wa chaji. “Kwanza vidole vyangu hakijawahi kuvitambua.”