Mida Creek: Likizo inayofuata saa ya maji

Saa moja na nusu asubuhi, baba mmoja kutoka Nairobi amesimama kwenye ukingo wa Mida Creek, karibu na Watamu, Kaunti ya Kilifi. Anaitazama simu yake. Alipanga familia yake iingie kwenye kayaki saa moja kamili ili saa nne wawe wamerudi hotelini. Lakini mbele yake hakuna bahari. Kuna matope yanayong'aa, mizizi ya mikoko na kaa wadogo wanaokimbilia mashimoni.

"Maji yataanza kutosha saa nne, mzee," anasema kijana anayewaongoza, huku akipangusa makafi. "Sisi huyangoja."

Hilo ndilo somo la kwanza la likizo ya aina hii, na huwapata watu wazima kabla ya watoto. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Maji yakitosha leo saa nne, kesho yatatosha karibu saa tano. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakapanda sana na kuondoka mbali sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani ya Kenya hukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambapo bahari haipandi wala haishuki sana. Mtoto aliyekulia bara anaweza kusoma hayo yote darasani asiyaelewe. Akiona tope likigeuka kuwa bahari mbele ya macho yake, hatasahau.

JAKETI KWANZA

Mwenye hofu zaidi ni mama. Binti yao ana miaka tisa na hajui kuogelea. Analisema hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama kosa.

Kijana hacheki. Anamvalisha mtoto jaketi la kuokoa maisha, anafunga vifungo vyote, kisha analivuta juu kwa mabega. Linapanda hadi masikioni. "Hili ni kubwa," anasema, na kwenda kuleta jingine. La pili halipiti kidevu. Mama anaambiwa akae nyuma ya bintiye katika kayaki ya watu wawili. Kiongozi atakuwa ubavuni mwao. Baba na kaka mtu watatangulia, lakini wasitoke machoni.

Mzazi yeyote anaweza kufanya jaribio hilo la mabega. Kiongozi akikosa jaketi linalomtosha mtoto wako, au akikuambia halihitajiki kwa kuwa maji ni machache, rudini mkale madafu. Safari ya siku nyingine ipo.

Ndani ya hori, mikoko hukinga upepo na maji hutulia, ndiyo maana familia huletwa hapa. Mdomoni, hori inapokutana na bahari kuu, mkondo huwa mkali maji yanapoingia na kutoka. Huko si mahali pa mwanafunzi.

KAFI, MIKOKO NA NDEGE

Kafi la kayaki lina bapa pande zote mbili. Binti anapiga kulia mara tatu, chombo kinageukia kushoto na kuingia kwenye matawi. Anacheka. Mama hacheki. Baada ya robo saa wanaanza kupiga kwa pamoja, na chombo kinanyooka.

Kiongozi anawaonyesha miti kwa majina: mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaochomoza vijiti vya kupumulia kutoka topeni, na mlilana ambao mafundi wa majahazi waliutumia kuunda mataruma. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilisafirishwa kutoka pwani hii hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti mirefu ya kujengea ilikuwa adimu.

Kutoka huko huko huja wageni wengine. Juu ya fungu la mchanga wamesimama ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene ya kuvunjia kaa. Hutaga mayai katika mashimo wanayochimba mchangani, kwenye pwani za Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha husafiri kuja kula Mida.

"Anko, mbona wasikae tu kwao?" mtoto anauliza.

"Kwa sababu chakula kiko kwetu," anajibiwa.

CHAKULA KILIKOTOKA

Adhuhuri wanafika Dabaso, kwenye mkahawa wa mbao uliojengwa na wenyeji juu ya mikoko. Sifa yake ni sambusa za kaa. Meza inajaa: sambusa, wali wa nazi, samaki wa kupaka na maji ya ukwaju. Katika nyumba za Wagiriama wa vijiji vya karibu, mgeni anaweza pia kukuta sima na mchunga, mboga chungu ambayo watoto huikataa siku ya kwanza.

Binti anakula sambusa tatu kabla ya kuuliza kaa ametoka wapi. Anaonyeshwa chini, kwenye tope lile lile alilolizibia pua asubuhi. Mikoko ikikatwa ovyo, kaa hukosa makao na samaki wachanga hukosa pa kujificha. Ndiyo maana pesa ya mgeni ina uzito hapa. Humpa mwenyeji sababu ya kuuacha mti umesimama. Upande mwingine wa hori kuna daraja la kamba na mbao linalopita kati ya mikoko, na kiingilio chake husaidia kulipia karo za sekondari za watoto wa familia zinazoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Kilomita chache kutoka hapo ni magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliostawi kwa karne kadhaa hadi ukahamwa katika karne ya 17. UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Wachimbuaji walikuta humo vyombo vya kauri vya China. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za watu kuhama ni kupungua kwa maji ya visima. Watoto waliotoka kungoja maji Mida wataelewa haraka.

KABLA HUJALIPA

Uliza saa ya maji kwanza, ndipo upange kifungua kinywa na usafiri. Mwambie kiongozi ukweli kuhusu nani anajua kuogelea na nani hajui. Mtaje mapema mtoto anayedhurika na kaa au kamba. Valisheni viatu vinavyofunga, kwani chaza walioshika mizizi hukata nyayo. Bebeni kofia na maji ya kunywa. Hori hii iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, kwa hiyo uliza pia kama ada ya KWS imo katika bei uliyotajiwa.

Saa nane maji yamejaa kabisa, nayo familia inarudi yakianza kutoka. Mama hajui kama binti yake ataipenda bahari, na hofu yake haijaisha yote. Jioni hotelini anafungua simu kutafuta mahali pa kufundisha watoto kuogelea jijini Nairobi.

Baba anapanga saa ya kuamka kesho. Binti anamkatiza.

"Baba, tuulize kwanza maji yatafika saa ngapi."