Hodi Isiyoitikiwa

Katika mila zetu, mgeni hupiga hodi, akangoja. Aliye ndani hupaswa kuitikia, na hata kama hana nafasi ya kumpokea, humwambia hivyo ili mgeni ajue la kufanya. Kumwacha mtu amesimama nje, asijue kama amesikika au la, ni aibu ya mwenye nyumba, wala si ya mgeni. Jambo hili twalijua sote tangu utotoni. Hata hivyo mimi, niliyefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari kwa miaka mingi, nililisahau nilipokutana na mlango wa namna mpya, yaani tovuti ya chuo kikuu.

Tangu mwaka 2017, waombaji wa masomo ya shahada ya kwanza nchini Tanzania hupeleka maombi yao moja kwa moja katika vyuo wanavyovitaka, na aghalabu hufanya hivyo kwa njia ya tovuti. Mwaka 2018 mwanafunzi wangu mmoja, binti aliyefaulu vizuri kidato cha sita, aliomba nafasi katika chuo fulani kwa kutumia simu ya mjomba wake. Alijaza jina, matokeo ya mitihani na masomo aliyoyachagua, akabonyeza kitufe, akaenda zake kusubiri. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, lake halikuwamo. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba maombi yake hayakupata kufika. Yalikuwa yamehifadhiwa tu, hayakuwasilishwa.

"Mwalimu, mimi ni mjinga wa mambo haya," aliniambia huku akitazama chini.

Nami, badala ya kumfariji, nilimkemea. Nilimwambia kwamba angalisoma maelekezo kwa makini, yasingalimfika hayo. Akarudi nyumbani, akawa akimsaidia mama yake kuuza mchele sokoni.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 nilipata mwaliko kutoka chuo hichohicho. Idara yake ya kompyuta ilikuwa imeanzisha huduma ya kupima tovuti: ofisi yoyote iliyotaka kujua kama tovuti yake yatumika kwa urahisi iliweza kuomba ipimwe. Safari hiyo ilikuwa zamu ya tovuti ya maombi, na miongoni mwa watu waliotafutwa walikuwamo walimu wanaowaelekeza wanafunzi.

Kijana aliyenipokea aliniamkia kwa adabu, kisha akanena neno ambalo sijalisahau hadi leo. "Mwalimu, hatukupimi wewe. Twaipima tovuti. Ukikwama, kosa ni letu." Akaniomba niseme kwa sauti kila ninalowaza niwapo kazini. Mbinu hii ilielezwa na Clayton Lewis wa kampuni ya IBM mwaka 1982, na hekima yake ni nyepesi: mtazamaji aweza kuuona mkono unaposita, lakini sababu ya kusita imo akilini mwa mtumiaji.

Kazi niliyopewa ilikuwa kujifanya mwombaji, kujaza fomu na kuituma. Nilijaza kwa kujiamini, kama mtu aliyekwisha wakemea wengine. Chini ya fomu palikuwa na kitufe kikubwa cha rangi ya kijani. Nikakibonyeza, nikasema, "Nimemaliza."

"Umejuaje, Mwalimu, kwamba umemaliza?" kijana akauliza kwa upole.

Nikakitazama kioo. Hakikuniambia lolote. Kile cha kijani kilikuwa kitufe cha kuhifadhi. Cha kuwasilisha kilikuwa katika ukurasa mwingine, kidogo, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini. Nilikuwa nimetumbukia katika shimo lilelile alimotumbukia binti. Na yale maelekezo niliyomlaumu kwa kutoyasoma, mimi pia sikuyasoma!

Mwishoni nilijibu dodoso fupi la maswali 10, lililotungwa na John Brooke mwaka 1986, ambalo huipa tovuti alama kati ya 0 na 100. Nilishangaa kusikia kwamba walioalikwa tulikuwa watano tu. Kijana akanieleza kuwa Jakob Nielsen na Thomas Landauer walilishughulikia jambo hilo kwa hesabu mwaka 1993, na mwaka 2000 Nielsen akakadiria kwamba watumiaji 5 hufichua kiasi cha asilimia 85 ya kasoro. Wapo wataalamu waliobisha, wakisema kwamba tovuti kubwa huhitaji watu wengi zaidi. Lakini hakuna haja ya hesabu kubwa kuutambua msingi wake. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliotengeneza tovuti ile walijua kila kitufe kilipo. Kwao hapakuwa na kunguni.

Ndugu msomaji, unyenyekevu ni sifa njema katika utamaduni wetu, lakini una hatari yake. Anayeshindwa kukitumia chombo na kujiita mjinga hatamlalamikia fundi, na fundi asiyelalamikiwa hatatengeneza. Hivyo kosa hubaki pale pale, likingoja mwingine. Sisi walimu twaweza kulizidisha tunapokuwa wepesi wa kumkemea mwanafunzi kabla ya kukikagua kitu alichokabidhiwa. Hapana budi tuwafundishe vijana kusoma maelekezo. Lakini tuwafundishe pia kuuliza kama maelekezo hayo yaliandikwa kwa ajili yao, na kwa lugha yao.

Nilimwendea binti sokoni, nikamwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na kile kitufe, Mwalimu, wamekihamisha?" Sikuwa na jibu.

Msimu wa maombi ulipofunguliwa mwaka huo, tuliketi pamoja mbele ya simu ileile ya mjomba. Alijaza fomu, akabonyeza kitufe cha kijani. Mara yakatokea maneno ya Kiswahili: maombi yako yamehifadhiwa, lakini bado hayajatumwa, bonyeza hapa uyatume. Kitufe cha pili kilikuwa papo hapo, chini ya kidole chake.

Akacheka. "Sasa wameitika," akasema, akabonyeza.