Deni la Mshindi

Kila baada ya uchaguzi, sisi walimu tunaokaa chini ya milima ya Uluguru huuona mkutano wa namna moja. Mshindi huja kwa ngoma na vigelegele, husimama mbele ya watu, naye hutoa asante. Huwataja waliomchukua mabegani, waliobandika picha zake na waliokesha kulinda kura. Jambo hilo ni jema, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kingi hatashukuru. Lakini neno la asante ni jepesi kinywani. Yatupasa kuuliza: mshindi ana deni kwa nani hasa, na deni hilo hulipwaje? Ili tupate jibu, na tuikumbuke habari ya uchaguzi mmoja wa hapa kwetu, ambao vijana wengi hawaujui.

Mwezi wa Septemba 1958, Tanganyika ilipokuwa ingali chini ya Waingereza, watu wa majimbo matano walipiga kura kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Majimbo mengine yalifuata mwezi wa Februari 1959. Jimbo la Mashariki, ambalo makao yake yalikuwa Morogoro, lilikuwa miongoni mwa yale ya kwanza. Waliogombea kiti cha Mwafrika walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Patrick Kunambi, Mluguru, mtu mwenye elimu na mwenye cheo katika utawala wa wenyeji. Wa pili alikuwa Julius Nyerere, Rais wa TANU, mtu wa Butiama, mbali huko karibu na Ziwa Viktoria. Wala hawakuwa wageni wao kwa wao: tarehe 7 Julai 1954 wote wawili walikuwa katika wale watu 17 walioianzisha TANU mjini Dar es Salaam.

Uchaguzi ule ulikuwa mgumu. Kwanza, mlango wa kupigia kura ulikuwa mwembamba. Aliyetaka kuandikishwa ilimpasa awe na umri wa miaka 21, tena awe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe ameshika kazi fulani zilizotajwa. Pili, kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi katika TANU walilichukia sharti hilo. Wakabishana sana katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, na mwisho wakakata shauri kuingia katika uchaguzi. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuunda chama chake. Tatu, mwezi wa Agosti, siku chache tu kabla ya kura, Nyerere alihukumiwa mjini Dar es Salaam kwa maneno ya gazeti la chama juu ya mabwana shauri wawili. Akaambiwa atoe faini ya shilingi 3,000, au afungwe miezi sita. Faini ikalipwa. Angalieni basi: fedha iliyomwepusha na gereza ilikuwa sawasawa na pato la mwaka lililotakiwa kwa mtu ili apige kura.

Kura zilipohesabiwa, Nyerere alipata zaidi ya 2,600, na Kunambi 800 na ushei. Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na wapiga kura wa Jimbo la Mashariki walimpa mgeni nafasi hiyo. Lakini tuitazame hesabu ile polepole. Jimbo lilianzia Bagamoyo na Rufiji likafika Kilosa na Ulanga, na kura zote za wawili hao hazikutimia 4,000. Je, watu wengine walikuwa wapi?

Walikuwako. Walikuwa milimani na mabondeni, wakilima. Tangu mwaka 1950 Serikali iliwaagiza Waluguru kuchonga matuta ya ngazi ili mvua isichukue udongo. Kazi ile ilikuwa nzito, nao waliona kwamba udongo mzuri wafukiwa na ule mbaya wapandishwa juu. Mwezi wa Julai 1955 kukatokea ghasia huko Matombo, hata mtu mmoja akafa kwa risasi. Watu kama hao ndio walioijaza mikutano ya kudai uhuru. Na wanawake, walioitwa na Bibi Titi Mohamed waingie chamani, walikuja kwa wingi. Lakini mama ashukaye na ndizi kichwani kutoka Kinole, au na mboga kutoka Mgeta, angepata wapi shilingi 3,000 kwa mwaka? Alibeba mzigo wa uchaguzi, na kura hakuwa nayo.

Hilo ndilo deni la kwanza la mshindi: kwa wale waliomsaidia bila kuwa na kura. Wala halikulipwa kwa hotuba. Mwaka 1960 masharti ya kupiga kura yalilegezwa. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961, na katika uchaguzi wa mwaka 1965 kila raia mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura, mwenye mshahara na asiye nao. Mlango uliokuwa mwembamba ukafunguliwa kwa mama mwenye ndizi. Ndiyo shukrani tunayoifahamu sisi: kumpa mwenzako kile alichokusaidia kupata.

Deni la pili ni gumu zaidi, nalo ni kwa wale waliomkataa. Watu 800 na zaidi walimtaka Kunambi. Walikuwa na haki yao, kwani kumpenda mtu wa kwenu si kosa. Tangu siku ile mjumbe wao alikuwa Nyerere, kama alivyokuwa mjumbe wa waliomchagua. Twasema haya kwa sababu tumewahi kuhudhuria mkutano wa shukrani, ambapo mshindi mmoja, tusiyemtaja jina, aliwashukuru rafiki zake kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kijiji kilichomnyima kura kitamtambua. Watu wakacheka na kupiga makofi. Lakini waliokaa upande wa pili, na wengine wao ni wazazi wa watoto tunaowafundisha, waliinuka kimya wakaenda zao. Asante ya namna hiyo ni matusi kwa jirani. Mtu akisha kuchaguliwa, barabara, zahanati na maji ayatakayo Bungeni ni ya wote. Wala mvua ya Uluguru haiulizi shamba ni la nani.

Basi na sisi tuliomsaidia mshindi, tusijidanganye. Wako wadhanio kwamba kushinda kwa mtu wao ni kama mavuno, kila aliyelima apate debe lake: huyu kazi, yule kiwanja, mwingine fedha ya mfukoni. Huo ni ulipaji wa vibarua, na anayelipwa hivyo jioni hana la kudai kesho yake. Tusiuze dai letu kwa sahani ya pilau na doti ya kanga. Mto Ruvu watoka katika milima hii, na Dar es Salaam wanakunywa maji yake. Mlima hauhitaji kuimbiwa, wahitaji miti yake isikatwe. Vivyo hivyo nasi. Mshindi akija kutushukuru, tumpokee kwa heshima na kumsikiliza. Kisha tumwambie kwa adabu: Ndugu, asante yako tumeipokea, sasa rudi tena mwakani, wakati hakuna ngoma, uje na hesabu ya kazi uliyoifanya, kwetu na kwa wale waliokunyima kura.