Rubani Aliyekaa Kiti cha Kulia

Mwaka jana, katika somo la utungaji, mwalimu wetu alitupa kazi ya kuandika insha kuhusu shujaa wa vita. Mimi natoka Masaka, Uganda, na nilitaka shujaa ambaye historia yake inapita huku kwetu Afrika Mashariki. Nikamchagua Ulric Cross wa Trinidad. Sentensi yangu ya kwanza ilisema: "Ulric Cross alikuwa rubani shupavu." Mwalimu aliirudisha akiwa amepiga mstari chini ya neno "rubani", na pembeni ameandika: "Nani alishika usukani?"

Kweli, hakuushika yeye. Cross alizaliwa Port of Spain mwaka 1917. Mwaka 1941 alivuka bahari kwenda Uingereza kujiunga na Jeshi la Anga kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, aliona dunia inazama katika ufashisti. Alifunzwa kazi ya mwelekezi, yaani mtu anayepiga hesabu za njia. Alipangiwa Kikosi cha 139, kilichotumia ndege za Mosquito. Hizo zilikuwa ndege za mbao zilizobeba watu wawili tu: rubani kushoto, mwelekezi kulia. Usiku, juu ya nchi iliyozimwa taa, Cross alitegemea ramani, saa, penseli na mitambo ya redio. Akikosea hesabu, wote wawili hawarudi. Baadaye kikosi chake kiliingizwa katika kundi la watangulizi, waliodondosha mianga ya kuonyesha shabaha ili ndege kubwa zilizowafuata zijue pa kuangusha mabomu. Alikwenda vitani angani mara 80, zikiwemo safari zipatazo 20 za Berlin. Alitunukiwa nishani mbili za ushujaa, DFC na DSO.

Sikutaka kushindwa kwa neno moja, kwa hiyo nikafungua kamusi. Nikakuta kwamba kabla ya ndege kuwapo, rubani alikuwa mtu wa baharini: ajuaye miamba na mikondo, aongozaye chombo hadi bandarini. Nikafurahi sana. Kumbe Cross ni rubani kwa maana ya zamani!

Likizo ilipofika, nilimsomea insha Jajja, mama yake baba, nikimtafsiria kwa Kiganda. Jajja hakupenda nisome Kiswahili. Kwake ni lugha ya askari. Askari wa Amin waliwaamrisha watu kwa Kiswahili, na mwaka 1979, jeshi la Tanzania lilipoishambulia Masaka, yeye alijifunza neno "saba saba", jina ambalo watu waliyapa makombora yale. Wenzangu Watanzania wakisikia Sabasaba hufikiria maonyesho ya biashara. Jajja hukumbuka shamba la migomba alimolala kifudifudi na watoto watatu.

Nilipofika kwenye zile safari 80, alinikatiza.

"Na waliokuwa chini?"

Sikuwa nimeandika hata sentensi moja kuhusu waliokuwa chini. Nilimweleza kwamba Berlin ilikuwa makao makuu ya Hitler, na kwamba Hitler hangeondoka kwa kuombwa. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Hata hivyo, walikuwapo watoto." Nami nilijua kwamba walikuwapo, na kwamba Cross ndiye aliyewaonyesha wengine pa kupiga.

Nikamsomea sehemu ya mwisho, ambayo nilikuwa nimeibana katika mistari miwili. Baada ya vita Cross alisomea sheria. Alifanya kazi Ghana, kisha Kamerun. Mwaka 1967 alikuja Tanzania akawa jaji wa Mahakama Kuu hadi 1971, na pia alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako vijana wa Uganda nao walikuwa wakisoma. Alirudi Trinidad, akafika Mahakama ya Rufani, na baadaye akawa balozi London. Alifariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 96.

"Mtu wa mabomu akawa jaji?"

"Ndiyo, Jajja."

Alinyamaza kidogo. "Basi anzia hapo."

Sikuanzia hapo. Niliona kwamba nikianza na jaji, nitakuwa nimewaficha waliokuwa chini kwa mara ya pili. Niliandika insha upya kwa mpangilio uleule, lakini sasa nikawapa watu wa Berlin aya yao, na miaka ya sheria nikaipa ukurasa mzima. Katika sehemu ya vita nilimwita mwelekezi. Neno "rubani" nililiweka katika ukurasa wa pili, kwa maana yake ya zamani, kwa kuwa rubani hukifikisha chombo bandarini salama. Mwalimu hakupiga mstari tena.

Jajja bado hazungumzi Kiswahili. Ila asubuhi niliyoondoka kurudi chuoni aliniuliza Waswahili humwitaje mtu yule anayekata kesi.

"Jaji," nikamwambia. "Au mwamuzi."

"Mwamuzi," akarudia polepole, kisha akacheka. "Hilo ni letu. Omulamuzi."