Mama Mwenye Watoto Kinywani



Sisi wa Ifakara hatushangazwi na samaki. Wali kwa perege ndio chakula chetu. Lakini kumla samaki ni jambo moja, na kumlea nyumbani ni jambo jingine.

Kijana wetu alipomaliza darasa la saba aliomba tangi la kioo. Fundi alitutengenezea la urefu wa mita moja na nusu, tukatandaza mchanga uliooshwa. Kila juma tunabadilisha robo ya maji. Chakula ni pumba laini za mpunga na dagaa waliosagwa, kidogo kidogo, kwani mabaki huoza na kuchafua maji.

Kazi ya kwanza ni kumtambua samaki. Perege wa asili wa bonde letu, ambaye wataalamu humwita Oreochromis urolepis, ni wa mito kama Kilombero, Rufiji na Wami. Sato si wa huku, aliletwa. Tazama mkia: wa sato una mistari ya wima iliyopangana vizuri, wa perege wetu hauna mpangilio huo. Waliochanganya damu ni vigumu kuwatambua kwa macho.

Tuliweka dume mmoja na majike watatu. Dume akiwa tayari hugeuka mweusi na kuchimba shimo mchangani. Jike hutaga humo, kisha huokota mayai yote kwa kinywa chake. Huyalea humo kiasi cha majuma mawili, naye hali, au hula kidogo sana. Utamjua kwa koo lililotuna. Vifaranga wakianza kuogelea hutoka nje, na hatari ikitokea hurudi mbio kinywani mwa mama yao.

Wakizidi, wape wenye mabwawa wanaofuga aina hiyo hiyo, au wakikua wapike. Usiwamwage mto Lumemo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa samaki wa jamii hii walioletwa wameenea katika mabonde mengi ya mito nchini, nao huweza kuzaana na wa asili. Mungu aliumba kila samaki kwa aina yake, tusimpotezee.

Majirani wakimwona jike yule husema, "Huyo ndiye mama kweli, hali kwa ajili ya wanawe!" Ni kweli, lakini tazameni na yanayofuata. Akishawaachia watoto amekonda, na dume hamwachi. Humfukuza huku na huku ili atage tena. Ndani ya kioo hana pa kukimbilia. Kwa hiyo sisi humhamishia kwenye beseni kubwa, ale ashibe, apate nguvu, ndipo arudi.

Jioni moja kijana alikuwa akimweleza baba yake hayo. Mimi nilikuwa namnyonyesha mtoto wetu wa sita, wa miezi minane. Baba watoto alikaa kimya. Usiku akaniambia, "Mama, na wewe unahitaji kupumzika." Juma lililofuata tulikwenda wote wawili kwa mwalimu wa uzazi wa mpango kwa njia ya asili. Nilikuwa nimemwomba twende tangu mtoto wa nne.

Kujinyima kwa ajili ya watoto ni upendo. Lakini mama naye ni kiumbe cha Mungu. Anahitaji kula, kulala na kupata nguvu. Mwambie mwenzako hayo kwa upole, wala usichoke kumwambia.