Namba Zangu Zilikuwa Safi Sana

Wasee, leo naungama. Mwaka wa pili, kabla niache chuo na kurudi hapa Machakos, nilipika data ya maabara. Kazi ilikuwa kuhesabu chembe za alfa zilizochepushwa na bamba jembamba la dhahabu, dakika baada ya dakika. Inachosha, aki! Nikahesabu dakika tatu, zingine nikajaza kwa kichwa: 100, 101, 99, 100.

Lekchara aliangalia mara moja tu akacheka. "Kijana, hizi umezitoa wapi?"

Kumbe chembe hazina adabu hiyo. Ukihesabu 100, kuyumba kwake ni kipeuo cha pili, yaani 10 hivi juu au chini. 88 ni sawa, 113 pia. Kitu hakiwezekani ni 100 kila saa. Na ukitaka kosa lishuke hadi asilimia 1, hesabu mpaka 10,000. Shotikati hakuna.

Mwaka 1909, Geiger na Marsden walikaa gizani Manchester wakihesabu vimweko kwa macho. Kwenye platini, karibu chembe 1 kati ya 8,000 ilirudi nyuma. Moja! Mimi ningeifuta nikisema ni makosa. Rutherford aliifuata, na 1911 akatuambia atomu ina kiini.

Nilipata sifuri. Nyumbani nilisema nimeacha chuo juu ya karo. Karo ilikuwa shida kweli, lakini aibu ndiyo ilinifungisha begi.

Mama, ukisoma hii kabla nifike, tutaongea jioni.